Kupanda SGR ukitokea Arusha au Moshi: maswali ninayoulizwa kila mara

Mwaka jana nilimsindikiza mama kwenda Morogoro kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Tulitoka Kibosho, tukalala kwangu Arusha, tukapanda basi hadi Dodoma, na kutoka Dodoma tukapanda treni ya umeme. Mama aliporudi akasimulia jumuiya nzima, na tangu hapo simu yangu haijatulia: majirani wa Sakina, shangazi wa Marangu, vijana wa ukoo wanaosoma Dodoma. Wanauliza mambo yaleyale, nami nayajibu kwa moyo wote kwa sababu najua safari hii inaweza kuwa nzuri sana, na najua pia inavyoharibika. Nimeyaandika hapa ili kila mmoja asome kwa utulivu.

SGR imefika Moshi au Arusha?

Bado. SGR, yaani reli ya kisasa, inayobeba abiria ni ile inayotoka Dar es Salaam, inapita Morogoro na kufika Dodoma. Safari za Dar hadi Morogoro zilianza tarehe 14 Juni 2024, za Dodoma zikafuata tarehe 25 Julai, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huohuo.

Reli unayoiona Moshi mjini, Kahe na Arusha ni ya zamani. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na Waingereza ndio walioisogeza hadi Arusha mwishoni mwa miaka ya 1920. Treni ya abiria ilipotea huku kwetu kwa miaka mingi, ikarudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Ile ni treni ya dizeli, ya kulala njiani, na ina uzuri wake. Ila usije ukaambiwa na mtu kwamba "treni ya Arusha" ndiyo SGR ukaenda stesheni ya Moshi kusubiri mchongoko, ile treni ya umeme yenye pua ndefu. Imewahi kumtokea binamu yangu, alisimama pale na begi lake asubuhi nzima.

Kwa hiyo sisi wa kaskazini tunaipandia wapi?

Dodoma au Dar. Ukitoka Arusha kuna barabara ya lami kupita Minjingu, Babati, Kolo na Kondoa hadi Dodoma, takribani kilomita 430. Kwa basi ni saa 7 au 8 hivi, kutegemea vituo na ukaguzi wa njiani. Wa Moshi ongeza kilomita 80 za kuja Arusha. Upande wa pili ni njia tuliyoizoea: Same, Mombo, Korogwe, Segera, mpaka Dar, halafu unapanda treni ya kurudi bara kwenda Morogoro au Dodoma.

Naenda Dar. Nipitie Dodoma nipande treni, au nipande basi moja kwa moja?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu, na jibu langu huwakatisha tamaa kidogo. Kama unachotaka ni kufika Dar mapema, panda basi la moja kwa moja. Basi la Arusha hadi Dar ni saa 10 hadi 12. Ukipitia Dodoma, basi peke yake limeshakula saa 7 au 8, bado kusubiri stesheni, bado saa 3 na nusu au 4 za treni. Hata mambo yote yakienda sawa, hujaokoa muda, na umelipa nauli mbili.

Treni ina maana kwako katika hali nyingine. Una shughuli Dodoma, tuseme wizarani, chuoni au hospitali, kisha unaendelea Dar. Hapo usifikirie mara mbili. Au umeshafika Dar kwa mambo yako na unataka kwenda Morogoro na kurudi: ile ndiyo safari fupi ninayoipenda kuliko zote, unaondoka asubuhi, unamaliza shughuli, jioni umerudi Dar hujachoka. Au unasafiri na mzee ambaye mgongo wake hauwezi saa 12 za basi. Kwa mzee, safari iliyokatwa vipande viwili na usiku wa kupumzika katikati ni jambo tofauti kabisa na safari ya mkupuo mmoja, hata kama kwa saa ni ndefu zaidi.

Ukiwa unaenda Morogoro kutoka Arusha, pima. Kuna mabasi yanayopitia Chalinze yanakufikisha Morogoro bila kubadili chombo. Sisi tulichagua Dodoma kwa sababu ya mama, na kwa sababu tuna ndugu wa kulala kwake Dodoma. Kama hamna pa kulala, gharama ya nyumba ya wageni nayo iwekwe kwenye hesabu.

Naweza kuunganisha basi na treni siku hiyohiyo?

Usifanye hivyo. Naomba sana mnisikilize hapa.

Kabla ya safari ya mama nilikwenda peke yangu, na nilipiga hesabu ya kijana: basi la alfajiri kutoka Arusha, saa 8 mchana niko Dodoma, treni ya jioni naipata bila jasho. Tiketi nilishalipia. Tulipovuka Kolo tairi la nyuma likapasuka. Basi halikuwa na tairi la akiba linalofaa. Kondakta alikuwa anapiga simu huku na huku, abiria tumekaa chini ya miti, jua linasogea. Tuliingia Dodoma giza limeshaingia, nikachukua bodaboda kutoka stendi hadi stesheni nikiwa nimekumbatia begi, na nilipofika geti lilikuwa limefungwa na treni imeondoka. Nililala Dodoma kwa bei ya mtu asiyejipanga na kununua tiketi nyingine kesho yake.

Basi letu la kaskazini na treni hii haviendi kwa saa moja. Treni inaondoka kwa dakika iliyoandikwa. Basi linaondoka kwa dakika iliyoandikwa lakini kufika ni majaliwa: tairi, mizani, mifugo barabarani, mvua Kondoa. Ukiviunganisha siku moja umeweka treni rehani kwa basi. Lala Dodoma, panda treni ya asubuhi. Kama ni lazima iwe siku moja, basi iwe kinyume: treni kwanza, basi baadaye, kwa sababu treni ndiyo inayoaminika zaidi kati ya hizo mbili, na mabasi yapo mengi.

Tiketi nainunuaje nikiwa huku?

Kwa simu tu. Shirika la Reli Tanzania, TRC, lina tovuti yake ya tiketi za SGR. Unachagua stesheni ya kutoka na ya kwenda, tarehe, treni, daraja na kiti, unajaza jina na namba ya kitambulisho, kisha unapewa namba ya kulipia serikalini, ileile ya tarakimu nyingi tunayotumia kulipia leseni. Unalipa kwa pesa za simu au benki. Ukishalipa tiketi yako ni ile picha ya miraba midogomidogo ambayo mashine ya getini inaisoma. Mimi huwa naipiga picha ya skrini na kumtumia pia ninayesafiri naye, maana simu huzima chaji saa ya shida.

Mambo mawili ya kuangalia. Namba ya malipo ina muda wake. Ukichelewa kulipa kiti kinarudi sokoni. Na jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mama yangu kila mtu anamwita kwa jina la kijijini, nami nikaliandika hilohilo kwa mazoea. Ilibidi nianze upya kabla ya kulipa.

Usimpe hela mtu anayejitolea "kukukatia" ukiwa stendi ya mabasi. Wapiga debe wetu wanajua mabasi, treni si kazi yao, na kwenye mitandao kuna matapeli wanaotengeneza kurasa zinazofanana na za shirika. Kama simu inakusumbua, kila familia ina kijana mmoja anayeweza, mpigie huyo.

Nauli ni shilingi ngapi?

LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, ilipotangaza nauli mwaka 2024, treni ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima kutoka Dar hadi Morogoro, na 31,000 kutoka Dar hadi Dodoma. Ukishuka katikati unalipa kulingana na umbali. Treni za haraka na madaraja ya juu ni ghali zaidi. Angalia bei ya siku yako kwenye tovuti kabla ya kutuma hela, nauli hubadilishwa.

Watoto walio chini ya miaka 4 hawalipi, na wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi unanichanganya.

Wengi huchanganywa, na ni kosa linalouma kwa sababu mtu huja stesheni kwa moyo mweupe akakuta treni ilishaondoka. Ukiona saa imeandikwa 08:00, hiyo ni saa 2 asubuhi. Ukiona 18:55, hiyo ni saa 12:55 jioni. Ukimkatia mzazi tiketi, usimtumie picha peke yake. Mpigie umwambie kwa saa zetu: "Mama, ni saa 2 asubuhi, ufike saa 12."

Treni ya kawaida, ya haraka na mchongoko, tofauti yake ni nini?

Treni ya kawaida inavutwa na kichwa cha umeme kilicho mbele, mabehewa yanafuata, na inasimama stesheni nyingi. Ya haraka inaruka stesheni ndogo. Dar hadi Dodoma ile ya haraka hutumia kama saa 3 na dakika 25, ya kawaida karibu saa 4. Dar hadi Morogoro haifiki saa 2.

Mchongoko ni jina ambalo wananchi wameipa treni yenye pua iliyochongoka. Zilitengenezwa Korea Kusini na zilianza kubeba abiria Novemba 2024. Hiyo haina kichwa cha kuvuta. Mota zimetawanywa chini ya mabehewa yenyewe, behewa 8 zinakwenda kama kitu kimoja, na ndiyo maana inapoondoka stesheni unasikia mgongo unasukumwa taratibu kwenye kiti. Ina chumba cha kuendeshea pande zote mbili, ikifika mwisho haigeuzwi, dereva anahamia upande wa pili tu.

Kwa safari fupi ya Morogoro, nionavyo mimi, daraja la kawaida linatosha kabisa. Kiti ni kizuri, kiyoyozi ni kilekile. Ziada ya hela ya daraja la juu mnunulie mzazi mchele wa Morogoro.

Ni treni ya mwendokasi kweli, au tunajipa moyo?

Kwanza tuelewane kwenye neno. Ukisema "mwendokasi" kwa mtu wa Dar atafikiri unazungumzia yale mabasi ya Kimara na Kivukoni. Kwa treni sema SGR au treni ya umeme.

Mwendo wake wa juu kwa abiria ni kilomita 160 kwa saa, na kwa mizigo 120. Duniani treni zinazoitwa za kasi kubwa huanzia kilomita 200 kwa saa kwenye njia zilizoboreshwa, na 250 kwenye njia mpya. Japani walianza kupita 200 mwaka 1964 kati ya Tokyo na Osaka, na hapa Afrika Moroko wana treni inayokwenda 320 kati ya Tangier na Kenitra tangu 2018. Kwa kipimo hicho yetu ni treni ya kisasa yenye kasi nzuri, si ya daraja lile.

Lakini kasi ipime kwa maisha yako. Moshi hadi Arusha ni kilomita 80. Kwa Kosta, na vituo vya Boma Ng'ombe, Kikatiti, Usa River, ni saa moja na nusu na kuendelea. Treni ikiwa imeshika 160 ingezimaliza kilomita hizo kwa nusu saa. Mama alinishika mkono tulipotoka Dodoma, akaangalia ile skrini inayoonyesha mwendo, akauliza kama ni kweli. Nje mibuyu ilikuwa inapita, ndani chai kwenye kikombe imetulia.

Mbona haitikisiki kama ile ya zamani?

Kwa sababu kadhaa zinazofanya kazi pamoja. Reli ya zamani ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma, hii ina milimita 1,435, kwa hiyo behewa limesimama kwa miguu iliyotanuka zaidi. Vyuma vyake vimechomelewa kuwa urefu mmoja, hakuna zile nafasi za maungio zilizokuwa zinapiga tata-tata, tata-tata usiku kucha. Kona zake zimenyooshwa. Mlima ulipozuia, walitoboa, na bonde lilipozuia waliweka daraja. Njia imejengwa kuhimili tani 35 kwa kila ekseli, kwa ajili ya treni za mizigo, na treni ya abiria inapita juu yake kwa wepesi.

Pia njia imezungushiwa uzio, na barabara zinapita juu au chini ya reli. Dereva hana haja ya kuvizia ng'ombe wala lori. Umeme wa volti 25,000 unatoka kwenye nyaya zilizo juu, ndiyo maana wanakataza kabisa watu kupanda kwenye madaraja au kurusha vitu karibu na njia. Waambie watoto wenu hilo kabla hawajafika huko.

Stesheni nifike saa ngapi na nitakutana na nini?

Fika saa mbili kabla. Najua inaonekana nyingi kwa mtu aliyezoea kurukia basi likitembea. Ila mizigo yote inapita kwenye mashine ya ukaguzi kama ya uwanja wa ndege wa KIA, mwenye mizigo atasimama foleni, kitambulisho kinaangaliwa, tiketi inasomwa getini, na geti hufungwa kabla ya treni kuondoka. Kitambulisho cha NIDA, leseni ya udereva, kadi ya mpiga kura au pasipoti, beba halisi.

Stesheni zenyewe ni kubwa. Paa la ile ya Dar limechorwa kwa mfano wa tanzanaiti, jiwe letu la Mirerani ambalo halichimbwi popote pengine duniani. Nilipoliona nilisimama dakika nzima. Mtu wa Arusha akifika pale ajue ameshatanguliwa na kitu cha kwao.

Nasafiri na mzazi mzee. Ataweza?

Ataweza, tena atafurahi kuliko wewe. Mwandae tu.

Ngazi zinazotembea zenyewe huwatisha wazee. Mama alifika pale akasita, watu wakarundikana nyuma. Usimvute. Kuna lifti, ulizia mapema mfanyakazi yeyote mwenye sare. Nilipomsalimia binti mmoja wa mapokezi na kumwambia nina mzee, alikuja mwenyewe, "Shikamoo mama," akamshika mkono hadi kwenye behewa. Anayehitaji kiti cha magurudumu aseme mlangoni, asisubiri mpaka foleni imsogee.

Ndani vyoo vipo, na kwa kuwa treni haiyumbi mzee anaweza kwenda akishika migongo ya viti. Hili kwa mama lilikuwa kubwa kuliko mwendokasi wote. Wanawake wa umri wake husafiri kwa basi bila kunywa maji tangu asubuhi kwa hofu ya kukosa pa kujisaidia, na jioni wanafika na kichwa kinauma na miguu imevimba. Siku ile alikunywa chai na maji, akaenda chooni mara mbili kwa amani. Akaniambia, "Hii sasa ni safari ya binadamu."

Mbebee sweta au shuka la kimasai. Kiyoyozi hakina mchezo, na sisi watu wa mlimani tunajidanganya kwamba baridi tumeizoea.

Mizigo je? Napeleka ndizi.

Nilijua tutafika hapa. Mzazi wa Kichaga bila mtori hajazaa, na mtori bila ndizi za nyumbani ni supu tu. Mama alitaka kubeba mkungu mzima. Kwenye buti ya basi unaingia, nani atabisha. Kwenye treni mzigo wako unapita kwenye mashine, unaubeba mwenyewe hadi behewani na unauweka sehemu ya mabegi, halafu kuna kikomo cha uzito kwa kila daraja. Mkungu unadondosha utomvu kwenye mabegi ya watu.

Tulibishana usiku kucha. Kwake ilikuwa aibu kumpelekea mzazi vichane kama mtu aliyenunua sokoni Mbuyuni. Mwisho tulikubaliana: tukate vichane, tuvifute utomvu, tuvifunge kwenye majani yake ya mgomba, vyote kwenye begi gumu lenye zipu, na kile kikonyo cha mkungu akakibeba kwenye mkoba wake ili mzazi aone kwamba ulikuwa mzima. Vilifika salama.

Parachichi weka katikati ya nguo. Mbege usibebe, inachacha na chupa inapasuka. Maziwa ya mgando vivyo hivyo. Kuku hai mwache kabisa.

Chakula kipo ndani?

Kipo, kuna sehemu ya kununua vinywaji na vitafunwa. Bei ni ya safarini. Kwa saa mbili za Morogoro kula kabla ya kuingia.

Nikae upande gani?

Ukitoka Dar kwenda Morogoro omba dirisha la kushoto. Baada ya Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere, milima ya Uluguru inajitokeza upande huo, na asubuhi inakuwa na mawingu mabegani kama Mawenzi. Ukitoka Dodoma, Uluguru itakuwa kulia kwako.

Kipande cha Dodoma hadi Morogoro ndicho kizuri zaidi na watu hawakisemi. Unaanza na nchi ya Wagogo, kavu, ya mibuyu na mawe makubwa. Unapita Igandu, Gulwe, Kidete. Halafu ardhi inabadilika, milima inakaribia pande zote, na eneo la Kilosa treni inaingia mahandaki. Yako manne, yote pamoja zaidi ya kilomita 2. Giza linakuja ghafla, masikio yanaziba kidogo, simu inakata, unatoka, kijani kimekuwa kingi kuliko ulichokiacha. Baada ya hapo ni tambarare ya Mkata mpaka Morogoro. Usilale kipande hicho. Usiku huoni kitu, kwa hiyo kama una uhuru wa kuchagua, chagua treni ya mchana.

Treni ikichelewa?

Hutokea. Ni mtambo wa umeme, na umeme ukiwa na hitilafu treni husimama. Kaa ndani, usishuke njiani kwa hali yoyote, sikiliza tangazo. Ndiyo maana tena nasema usifunge shughuli ya kufa na kupona dakika 30 baada ya muda wa kufika.

Desemba inakuwaje?

Desemba Wachaga wote wa Dar wanarudi kuhesabiwa, na mabasi ya kuja Moshi yanajaa wiki kadhaa kabla. Watu wengine huja kwa kupitia Dodoma: treni Dar hadi Dodoma, halafu basi hadi Arusha na Moshi. Ni njia ndefu lakini imewaokoa wengi waliokosa kiti cha moja kwa moja. Tatizo linakuja Januari wakati wa kurudi, kila mtu anashuka siku zilezile baada ya mwaka mpya. Kata tiketi ya kurudi kabla hujaanza hata safari ya kwenda.

Ile ya Kenya je? Voi si karibu na Moshi?

Karibu kweli, unavuka Holili na Taveta unafika Voi. Ile ni SGR ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza 2017, inatumia dizeli na mwendo wake wa juu ni kilomita 120 kwa saa. Ni ya nchi nyingine, kwa hiyo ujipange na pasipoti au hati ya kusafiria ya muda, na shilingi za kwao.

Na kwetu itafika lini?

Upo mpango wa SGR ya Tanga, Arusha hadi Musoma, wenye matawi ya kwenda Engaruka kwenye magadi soda na Minjingu kwenye fosfeti. Ni zaidi ya kilomita 1,000. Ukiangalia hayo matawi utaelewa kwamba reli hii inasubiri mizigo kwanza, abiria baadaye: bandari ya Tanga inahitaji kitu cha kubeba, na sisi tunahitaji njia ya kushusha kahawa, mbolea na maua bila kuviponda barabarani. Mimi naitaka sana. Nikiona malori yanavyobanana na Noah pale Kikatiti, naitaka iwe kesho. Mpaka naandika haya sijaona tuta lililojengwa kwenye ardhi yetu, kwa hiyo mtu akikuuzia kiwanja Kahe au Usa River kwa maelezo kwamba "SGR inapita hapa", muulize ramani iliyopigwa muhuri, na nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri kabla hujatoa hata shilingi.

Nimefika. Naendaje mjini?

Dar stesheni iko katikati ya jiji, jirani na stesheni ya zamani na Gerezani, kwa hiyo Kariakoo na Posta ni mwendo mfupi wa bajaji. Ukitokea na basi kutoka huku utashukia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, ambako ni mbali. Jipe saa mbili za kufika stesheni, tatu kama ni jioni ya siku ya kazi.

Morogoro stesheni iko Kihonda, si mjini kati. Nje kuna teksi, bajaji na bodaboda, patana bei kabla ya kupanda. Sisi tulipokewa na shemeji kwa gari la jirani yake, na mama hakuruhusu mtu mwingine yeyote aguse lile begi la ndizi.